Fundi wa Kuziba Aliyejifunza Kutoboa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jirani hajawasha hata redio, Mama Koki amepiga magoti uani kwake anatoboa ndoo. Drili inalia, inanyamaza, inalia tena. Ndoo yenyewe ni nzima kabisa, haina ufa wala kasoro, na mtu mwingine angeichotea maji mpaka izeeke. Yeye ameipindua kitako juu na anaitia tundu la sita.

"Hii kazi inaniuma mpaka leo," anasema, akipuliza vumbi la plastiki. "Miaka ishirini na mbili nalipwa kuziba. Halafu naamka asubuhi, natoboa ndoo nzima kwa mkono wangu mwenyewe. Mafundi wenzangu wakinikuta hapa watasema akili imenitoka."

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki kilichowekewa mto, mama mkwe wake anakagua. Ana miaka themanini na moja, amefunga kilemba cha kijani, na macho yake bado yanaliona tundu lililokosewa kutoka mwisho wa ua.

"Ongeza moja katikati," anaamuru.

"Mama, haya sita yanatosha."

"Kwako wewe yanatosha. Nyanya umeiuliza?"

Mama Koki anaongeza moja katikati.

Mwanamke huyu mwenye umri wa miaka arobaini na tisa ni fundi bomba. Jina lake halisi, kwa maneno yake, linajulikana na mumewe, mama yake mzazi na kitambulisho. Mitaa yote inayozunguka nyumba yake inamwita Mama Koki, jina alilopewa na mafundi wa kiume waliomfundisha kazi, kwanza kwa kumtania, baadaye kwa sababu walianza kumpelekea koki zilizowashinda.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kwake methali hiyo imegonga mwamba. Hakuna bomba linalodondosha hata tone katika nyumba hii ya vyumba viwili na sebule, na mgeni akitoka chooni bila kuifunga koki sawasawa ataitwa arudi.

Siku mwandishi wa makala haya alipofika mara ya kwanza ilikuwa Jumatano, na ndani ya nyumba kulikuwa na jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Jumamosi, mtoto wa kwanza wa Bibi, kama wote hapa wanavyomwita mama mkwe huyo, angekuja na gari kumchukua mama yake na kumrudisha shambani. Ndivyo ndugu walivyokubaliana tangu mwanzo: akae mjini mpaka apone, akipona arudi kwake. Na Bibi amepona.

"Nimwambie nini?" anauliza Mama Koki kwa sauti ya chini, akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba wa spana. "Nikimwomba abaki, nitaonekana namtenganisha mtoto na mama yake. Nikinyamaza, atadhani nimemchoka. Nimeziba mabomba ya maghorofa manne, lakini hili limenishinda."

Ukitaka kuelewa kwa nini limemshinda, tazama ua wake. Una urefu wa hatua tisa na upana wa hatua sita, wote umesakafiwa kwa saruji, hauna udongo hata wa kujaza kisoda. Juu ya saruji hiyo wanakula watu sita.

Kuna makasha matano ya mbao yaliyoinuliwa juu ya miguu ya bomba za chuma, yamejaa mchicha, spinachi na vitunguu vya majani. Kuna beseni kubwa la kuogea lililong'olewa kwenye nyumba ya mteja, lenye enameli iliyopasuka, ambalo sasa linakaliwa na biringanya nane. Kuna ndoo za rangi kumi na nane za nyanya na pilipili hoho. Ukutani yamefungwa mabomba ya plastiki ya inchi nne, yamepasuliwa kwa urefu kwa msumeno, yakiwa na figiri kutoka mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna yale mengine. Yamepangwa saba karibu na mlango wa jikoni, meupe, safi, ya udongo wa kuchoma. Mgeni huyatazama, akayatazama tena, kisha akauliza kwa adabu kama ni kweli anaona anachokiona.

"Ndiyo, ni matangi ya choo," anajibu Mama Koki kabla hajaulizwa. "Yale ya nyuma, ya kuwekea maji. Wateja wakibadilisha ya zamani wananiambia nikatupe. Nitupe chombo cha bure chenye kina hiki? Nimeyasugua kwa sabuni siku tatu. Ni safi kuliko sufuria za watu ninaowajua."

Mtaa haukumwacha salama. Mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, alizipa jina "mboga za chooni", na jina likashika. Binti mkubwa wa Mama Koki, mwenye miaka kumi na sita na aibu nyingi, alikataa katakata kuzila.

"Alisukuma sahani," anakumbuka mama yake. "Akasema, 'Mama, mimi sili kitu kilichoota kwenye choo.' Nikataka kumfokea. Bibi yake akaniwahi. Akamwambia, 'Mjukuu wangu, na hizo ulizokula miaka yote zilioteshwa kwenye nini? Kwenye manukato?'"

Leo mshonaji huyo hubisha hodi kila Ijumaa na kikapu chake. Anasema amekuja kusalimia tu, lakini kikapu hakirudi kitupu.

Habari hii ilianza mwaka mmoja na nusu uliopita, Bibi alipoteleza kwenye njia ya kisimani huko shambani kwake na kuumia nyonga. Alikuwa akiishi peke yake tangu mumewe afariki. Mtoto wake wa kwanza ni mwalimu, anaishi nyumba ya shule ya chumba kimoja. Wa pili ni mume wa Mama Koki, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi na mara moja kati ya hizo huwa amelala. Kwa hiyo Bibi akaletwa kwa mkwe.

"Tulimpokea vizuri sana," anasema Mama Koki, na hapo anacheka kicheko kisicho na furaha. "Ndilo kosa letu la kwanza. Tulimtandikia, tukamwekea mto, tukamwambia usiguse kitu. Ufagio tunamnyang'anya, sahani tunamnyang'anya. Tukampumzisha mpaka tukamchosha."

Wakati huohuo mfuko ulikuwa umetoboka. Mama Koki hapimi pesa kwa noti, anapima kwa siku za kazi, anazoziita siku za spana. Mwezi mzuri humpa siku ishirini. Mwezi mbaya, wateja wanapoamua kukinga maji yanayovuja kwa ndoo badala ya kumwita fundi, humpa kumi na moja. Kodi ya nyumba ilikuwa ikila siku saba, na mboga peke yake, fungu la asubuhi na fungu la jioni, ilikuwa ikila siku sita.

"Siku sita! Majani!" anasema kwa mshangao ambao haujapoa. "Siku sita niko chini ya sinki la mtu, maji machafu yananidondokea usoni, kwa ajili ya majani."

Jioni moja aliyasema hayo kwa mumewe kwenye simu. Alisema mboga imepanda, alisema sasa wamekuwa sita. Hakusema kwa ubaya. Lakini ukuta wa chumba ni mwembamba, na Bibi alikuwa upande wa pili.

Kuanzia siku iliyofuata Bibi akawa anashiba haraka. Akiongezewa mboga anasema tumbo limejaa. Akipewa bakuli analirudisha nusu. Mkwe wake akadhani ni uzee, au ni dawa za maumivu.

Mama Koki akaamua kulima. Hakuna aliyemfundisha. Aliona picha ya mboga zilizopandwa kwenye makopo, akatazama rundo la masinki na matangi yaliyokuwa yakimngoja ayatupe, akajiambia kwamba vyombo anavyo, maji anayajua, kilichobaki ni mbegu tu.

Na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza.

Fundi bomba akiona tundu, mkono wenyewe unakwenda kwenye silikoni, ile gundi ya kuzibia. Beseni la kuogea alilitia kizibo, kisha akakizungushia silikoni mara mbili. Matangi ya choo aliyafunga matundu yote ya chini kwa vifuniko vya kukaza kwa kuzungusha na tepu, kazi safi ambayo angeidai malipo kamili. Makasha ya mbao aliyatandika nailoni nzito na kuibana kila kona.

"Halafu nikayapima," anasema, amejifunika uso kwa kiganja. "Kama ninavyopima tangi la mteja. Nikayajaza maji, yakalala usiku kucha, asubuhi nikaja na tepu ya kupimia. Hayakupungua hata tone. Nilifurahi, mwenzangu! Nikamwita mume wangu kwenye simu nikamwambia, hapa havuji mtu."

Akamwaga maji, akajaza udongo alioununua kwa mkokoteni, akapanda mchicha. Ukaota, ukatoa majani mawili, ukageuka manjano. Alipoona umenyong'onyea, akafikiri una kiu. Akamwagia. Ukanyong'onyea zaidi. Akamwagia zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa Mama Koki tone na tone likajaza beseni, na mchicha wote ukafia humo.

Alipanda mara ya pili, ukafa. Akapanda mara ya tatu, akiwa amebadilisha mbegu, amemlaumu muuza mbegu, na amemlaumu muuza udongo. Wiki tisa zilikwenda hivyo, na mboga ya kununua ikawa bado inakula siku zake sita.

Asubuhi ya Jumapili moja akaamua kumwaga kila kitu. Alipopindua tangi la kwanza, harufu iliyotoka aliijua mara moja, maana ndiyo inayompa riziki: harufu ya maji yaliyoziba.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu mbegu ya kwanza ipandwe, akafungua mdomo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kila kinachokunywa hukojoa. Hivi vyako vinakunywa tu."

Mama Koki anasema alisimama pale na tangi mkononi, udongo unamchuruzikia miguuni, akaelewa yote kwa pamoja. Halafu akaelewa jambo jingine, na hilo ndilo lililomchoma.

"Nikamuuliza, 'Mama, umelijua hili tangu lini?' Akasema tangu siku ile nilipotia kizibo. Nikamwambia, 'Umeniangalia wiki tisa nazika mbegu, umenyamaza?' Nilipandisha sauti. Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe wangu, siku ile nilipandisha."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza simulizi hii huku akichambua mchicha, anaingilia. Hapendi isimuliwe nusunusu.

"Nikamwambia, hukuniuliza," anasema. "Na mimi ni nani? Nakula kwake, nalala kwake, nianze kumfundisha kazi ya maji? Yeye si ndiye fundi? Nikamwambia, watu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi minne hapa. Jembe langu liko wapi?"

Kisha Bibi akasema lililobaki: kwamba alisikia ile simu, kwamba anajua yeye ni mdomo wa sita, na kwamba ndiyo sababu siku hizi hushiba mapema.

Mama Koki aliketi chini kwenye udongo ule unaonuka akalia. Bibi naye akalia, ingawa leo anakana na kudai ilikuwa harufu ya tangi. Binti mkubwa alitoka jikoni, akawakuta, akarudi jikoni.

Kuuliza si ujinga, lakini ni watu wachache wanaokumbuka kwamba kuulizwa nako ni heshima. Mwanamke huyu mzee alikuwa amelima miaka sitini. Aliwasomesha watoto wawili kwa nyanya na vitunguu. Alikuwa amekaa miezi minne hatua tatu kutoka kwenye bustani inayokufa, na hakuna mtu aliyemuuliza kitu zaidi ya kama amemeza dawa.

Mchana uleule Mama Koki aliazima drili kwa fundi umeme. Bibi alionyesha kwa kidole, yeye akatoboa. Anasema tundu la kwanza alilitoboa kama anayejichoma sindano.

Kulikuwa na tatizo moja: daktari alikuwa amemkataza Bibi kuinama, na vyombo vyote vilikuwa chini. Fundi akatoa tepu ya kupimia, akamsimamisha mama mkwe wake katikati ya ua kama fundi cherehani na mteja, akampima kutoka sakafuni mpaka pale viganja vinapofika bila mgongo kupinda. Sentimita sabini na nne. Akakata bomba za chuma, akatengeneza miguu ya makasha matano, yote kwa kimo hicho kimoja.

Mama Koki ni mrefu. Akivuna kwenye makasha hayo inambidi apinde mgongo vibaya, na jioni huukanda kwa mafuta. Alipoulizwa kwa nini asiinue walau mawili kwa ajili yake, alishangaa swali lenyewe.

"Yule ndiye mwenye kazi," anasema. "Mimi ni kibarua."

Tangu hapo kazi iligawanyika bila mkutano. Bibi anaamua nini kipandwe, lini, na kando ya nini. Anatenga mbegu kwenye karatasi na kuzikausha dirishani. Fundi anashughulikia maji, na hapo Bibi haingilii. Mvua ikinyesha paa linaingiza maji kwenye mapipa mawili. Maji ya kusuuzia nguo huachwa yatulie, kisha hupita kwenye bomba jembamba lililotobolewa vitundu vya sindano kila baada ya shubiri moja, linapita juu ya makasha yote likidondosha polepole.

"Bomba linalovuja kwa makusudi," anasema fundi, akitikisa kichwa. "Mwanafunzi wangu angenifungia kazi hii ningemfukuza."

Mambo hayakuwa laini muda wote. Konokono walikula mche mzima wa spinachi kwa usiku mmoja. Kuku wa jirani walipita juu ya ukuta na kufanya karamu. Kasha la kwanza lilikalia miguu mitatu likaanguka, maana udongo ukilowa ni mzito kuliko fundi alivyokadiria, na sasa kila kasha lina miguu sita na vyuma vya kukingama.

Lakini tangu mwezi wa nne baada ya drili, fungu la mboga la sokoni halijaingia nyumba hii isipokuwa kwa bahati mbaya. Zile siku sita za spana zimekuwa siku moja, tena inaishia adhuhuri: vitunguu maji, na nyanya pale zao zinapokuwa bado kijani. Siku mbili kati ya zilizookolewa hununua dawa ya Bibi. Nyingine zilinunua kitanda, maana miezi yote hiyo Bibi alikuwa akilala na mjukuu wake anayepiga mateke usingizini.

Na Bibi amerudi kula. Tena anakula kwa majivuno, akitaja kila jani lilitoka kasha gani.

Ndiyo maana Jumamosi ilikuwa inaogopwa.

Mwandishi alirudi siku hiyo kwa mwaliko wa Bibi mwenyewe. "Njoo umwone mwanangu," alikuwa amesema. Saa nne asubuhi gari dogo la mizigo likasimama mlangoni. Mwalimu akashuka, mpole, shati limepigwa pasi, akampa mama yake mikono miwili na kumsalimia kwa unyenyekevu wa mtoto.

Alizungushwa ua mzima. Alionyeshwa kila ndoo. Alipofika kwenye matangi saba alikohoa, akasema ni mazuri. Mama Koki alimletea chai na akarudi kwenye beseni la biringanya, akaanza kukaza spana kwenye nati iliyokwisha kazwa.

"Mama, nyumba nimeipiga rangi," mwalimu alieleza. "Paa nimebadilisha. Kuna binti nimemtafuta, atakupikia, atakuchotea maji, atakufulia. Wewe utakaa tu."

"Nitakaa tu?" aliuliza Bibi.

"Utakaa tu, Mama. Umeshafanya kazi vya kutosha."

Bibi alimtazama mkwe wake. Mama Koki aliendelea kukaza ile nati mpaka ikagoma, kisha akaweka spana chini, akafuta mikono kwenye suruali ya kazi, akasogea.

"Shemeji, naomba niseme neno, na ukiona nimekosa adabu unisamehe," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba mkopo. "Mama, ile miche ya nyanya inatakiwa kuhamishwa wiki ijayo. Sijui ihamishiwe wapi. Sijui inywe kiasi gani. Hii bustani yote, mimi najua bomba lake tu. Mwaka jana sikukuuliza. Leo nakuuliza. Utabaki?"

Aliishia hapo. Alitaka kusema zaidi, ilionekana.

Bibi alikung'uta jani lililokauka kwenye ukingo wa kasha. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Hilo gari lako linabeba magunia mangapi?"

"Ishirini, Mama. Kwa nini? Una mizigo mingi?"

"Vizuri. Nenda mpaka nyumbani, nyuma ya zizi la yule jirani yetu mwenye ng'ombe. Kuna samadi ya zamani, nyeusi, imeshaoza. Usichukue ile mbichi, itaunguza. Nijazie magunia ishirini."

Mwalimu akatabasamu kwa mashaka. "Mama, mimi nimekuja kukuchukua."

"Umekuja vizuri, mwanangu. Sasa nakutuma." Akamshika mkono, na sauti yake ikalainika. "Usione nimekukataa. Kule umeniandalia vizuri, Mungu akubariki. Lakini kule nitalishwa. Hapa nalisha."

Mwalimu alimtazama mama yake. Halafu akazitazama biringanya, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amegeukia ukuta mabega yakimtikisika, na mwishowe akauliza kama samadi hiyo atailipia au jirani atatoa bure. Bibi akamwambia amsalimie jirani na asimpe kitu, maana alimkopesha jembe mwaka ule wa ukame na hakulirudisha.

Gari liliondoka saa saba mchana likiwa na magunia matupu, na mfuko wa spinachi kwa ajili ya mwalimu.

Alipoulizwa ana mpango gani baada ya hapo, Mama Koki alikuwa ameshafunga mkoba wake, maana mteja wa mtaa wa chini alikuwa amepiga simu mara tatu akilia kwamba jikoni kumefurika. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Mpango?" alisema. "Mimi sina mpango. Muulize mwenye shamba."

Mwenye shamba alikuwa amesimama kwenye kasha la tatu, mikono imezama kwenye udongo mpaka vifundoni. Alisema samadi ikifika anataka makasha mengine mawili upande wa ukuta, na kitalu kidogo cha miche ya kuwauzia majirani, kuanzia na mshonaji, ambaye salamu zake zimekuwa ghali. Mwandishi akauliza vipi kuhusu vitunguu maji, kile kitu pekee wanachoendelea kununua kila wiki.

"Mwaka huu nafasi imejaa," alisema Bibi bila kuinua uso. "Vitunguu ni mwakani."

Mama Koki, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alisimama alipolisikia neno hilo, mwakani. Akaweka mkoba chini, akarudi mpaka kwenye kasha la tatu, akamfuta mama mkwe wake udongo uliokuwa shavuni. Kisha akakimbilia kazini.